Mwalimu wa Mafinga, kioo kikubwa si lazima ununue Pro

Mwalimu, umeuliza tableti ya kusomea PDF na kusahihishia mitihani, ukasema macho yako yanachoka, na muuzaji kakwambia ukitaka kioo kikubwa lazima ujipinde ununue iPad Pro. Mimi nauza simu na tableti Mwanjelwa hapa Mbeya, na wateja wengi wanakuja na maneno hayohayo.

Zamani ilikuwa kweli. Kuanzia 2015 hadi mwanzoni mwa 2024, kwa Apple kioo cha inchi 12.9 ulikipata kwenye Pro tu. Mei 2024 wakabadilisha: iPad Air, ile ya bei ya chini kuliko Pro, nayo ikatoka kwa saizi mbili, inchi 11 na 13, kama Pro. Kwao Marekani Air ilianzia dola 599 na 799, Pro dola 999 na 1,299. Kwa hiyo kwa inchi 13 ileile kuna tofauti ya dola 500. Ikifika huku inaongezeka kodi na usafiri, lakini pengo hilo halifutiki. Unachokosa kwenye Air ni kioo cha OLED, yaani chenye rangi nyeusi iliyokolea zaidi na picha zinazosogea laini zaidi, na prosesa mpya zaidi. Kwa kusoma na kusahihisha hutavikumbuka.

Saizi ndiyo ya kufikiria kwanza. Chukua karatasi ya A4, upana wake ni sentimita 21. Kioo cha inchi 13 ukikisimamisha kina karibu sentimita 20, kwa hiyo ukurasa wa mtihani unaonekana karibu kama ulivyochapwa. iPad ya kawaida ya kizazi cha 10, inchi 10.9, ina karibu 16. Galaxy Tab A9+ ya Samsung inaitwa inchi 11 lakini umbo lake ni refu na jembamba, haifiki hata 15. Usiishie kwenye namba ya inchi, uliza na umbo. Kwa macho yanayochoka kama ulivyosema, mimi ningekusanya hela ya Air ya 13 hata kama imeshatumika, bora iwe safi.

Kama bajeti haifiki, iPad ya kawaida ya kizazi cha 10 inatosha, utakuwa unakuza maandishi tu. Ile ya kizazi cha 9, yenye kitufe cha duara mbele, Apple waliacha kuiuza hiyohiyo Mei 2024, ila madukani bado ipo na wengine wanaiita mpya. Kalamu nayo angalia: Air ya M2, ile iliyotoka Mei 2024, haipokei Apple Pencil ya kizazi cha pili, inataka Pencil Pro au ile ya USB-C. Mteja wangu mmoja wa Tukuyu alinunua kalamu kwanza mahali pengine, ikabaki pambo.

Kabla hujatuma hela ili mzigo upandishwe basi, mwambie muuzaji afungue mipangilio (Settings), kisha General, kisha About, aguse namba ya modeli mpaka itokee inayoanza na A, apige picha akutumie. A2602 ni kizazi cha 9, A2696 ni cha 10, zote za Wi-Fi tu, bila laini ya simu. Akisitasita, tafuta mwingine.