Maswali ya Wasomaji: Ukigeuza Sahani ya Picasso

SWALI: Katika orodha ya mnada mmoja wa London nimeona sahani ya Picasso yenye mhuri wa Madoura, nakala 100. Je, ni kazi yake kweli? Na bandia nitaitambuaje?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ubunifu ni wake, sahani yenyewe huenda hakuigusa. Tangu 1947 hadi 1971 Picasso alifanya kazi na karakana ya ufinyanzi ya Madoura ya Suzanne na Georges Ramié, mjini Vallauris, kusini mwa Ufaransa. Mafundi walitoa nakala 25 hadi 500 za kila muundo. Orodha ya kazi hizo aliyoiandaa Alain Ramié ina miundo 633, na dalali makini huitaja namba yake kwa herufi A.R. Asipoitaja, muulize.

Kisha geuza kitako usome mhuri. “Empreinte originale de Picasso” maana yake udongo mbichi ulikandamizwa kwenye kalibu ya plasta aliyoichonga mwenyewe. “Edition Picasso” ni nakala ambayo fundi aliinakili kwa mkono, umbo na rangi, kutoka kwenye kazi ya kwanza. Si kila nakala imepigwa namba yake ya mfululizo, kwa hiyo kukosekana kwake pekee kusikutishe.

Kinachowaumbua waghushi ni rula. Udongo husinyaa ukikauka, na tena ukichomwa. Anayetengeneza kalibu kutokana na sahani halisi hupata sahani ndogo zaidi: ya sentimita 42 inaweza kutoka na 38 au 39, mistari ya nakshi ikiwa imefifia. Tofauti ya milimita chache ni ya kawaida kwa kazi ya mkono; ya sentimita tatu, ondoka.

Viraka navyo vitafute gizani kwa taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti. Rangi ya marekebisho hung'aa tofauti na sehemu nyingine. Gonga ukingo taratibu kwa kucha: sauti butu huashiria ufa.

Na usipige hesabu kwa bei ya nyundo, ile dalali anayofungia mnada, peke yake. Kuna kamisheni ambayo mnunuzi hulipa nyumba ya mnada, inayoweza kuzidi robo ya bei hiyo, na Uingereza mara nyingi mnunuzi hubebeshwa pia haki ya msanii, yaani malipo kwa msanii au warithi wake kazi inapouzwa tena, hadi asilimia 4. Usafiri na ushuru bado.

SWALI: Ninayo moja tayari. Naioshaje, na naweza kuitundika ukutani?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Usiiloweke kamwe. Udongo huu ni wenye vinyweleo, na sehemu nyingi hazina tabaka la kioo (glezi) juu yake, kwa hiyo hunywa maji pamoja na uchafu, kisha madoa hujitokeza kwenye nyufa ndogo za juu. Brashi laini kavu inatosha. Doa gumu, pamba yenye unyevu kidogo. Chakula usipakulie.

Kutundika, sawa, ila si kwa vile vibanio vya waya wenye springi: huvuta ukingo saa zote na kuumega. Tumia kishikio chenye ndoano zilizovikwa mpira, kisichokaza, na skrubu iingie kwenye tofali, si kwenye plasta tu.