Kabla hujamwandikia profesa wa ng'ambo, pitia karakana ya miguu bandia

Kila nikirudi Moshi likizo, kuna kijana atanisimamisha: "Dada, nifanyeje nikasome uhandisi tiba nje?" Majibu ya kusimama njiani hayatoshi, kwa hiyo leo nimekaa chini niandike.

Kazi yangu ni baiomekanika ya kompyuta. Tunachukua picha za CT za mfupa, yaani eksirei zinazouonyesha tabaka kwa tabaka, tunaujenga upya kwenye kompyuta, tunaugawa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kisha tunakokotoa kila kipande kinabeba mzigo gani mtu akitembea, akijitwisha ndoo au akianguka na bodaboda. Mbinu hiyo inaitwa finaiti elementi.

Wengi huanza na orodha ya vyuo. Mimi nakusihi uanze na swali, tena swali lenye mtu ndani yake. Pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Nilifika karakana nikiwa mwaka wa tatu wa digrii. Fundi mmoja alikuwa ameshika soketi, kile kikombe kinachovaliwa kwenye kigutu cha mguu. Alipitisha kidole gumba ndani yake polepole, akasita mahali pamoja, akasema, "Hapa." Ndipo palipokuwa pakimchubua mzee mmoja wa Kibosho. Kigutu hupungua unene kadiri miezi inavyokwenda, soketi inalegea, na njia ya kwao yule mzee ni mlima mtupu. Niliondoka nikijiuliza kidole kile kimejua nini, na kama hesabu inaweza kulijua jambo hilo kabla ngozi haijachubuka. Swali hilo ndilo ninalolifanyia kazi hadi leo.

Pili, heshimu hesabu za mkono. Mwezi wangu wa pili Uholanzi, mfupa wa paja niliouunda ulipinda kama mpira. Ukakamavu wa tabaka gumu la nje la mfupa ni takriban gigapaskali 17. Programu ilitaka megapaskali, ambazo elfu moja ndizo gigapaskali moja, nami nikaandika 17 badala ya 17,000. Nilipoteza siku nne. Kompyuta haikulalamika hata kidogo, ilinipa picha ya rangi nzuri kabisa, na hilo ndilo linalonitisha, maana picha kama hiyo daktari anaweza kuiamini. Sasa kabla ya modeli yoyote nachora ubao ulioshikwa upande mmoja na kuwekewa uzito upande wa pili, nakokotoa kwa kalamu, kisha naona kama kompyuta inakubaliana nami. Programu za FEBio, ya finaiti elementi, na OpenSim, ya mwendo wa mwili, unazipata bure, na kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kujifunzia. Anza usiku huu.

Kuhusu fedha: wafadhili wa masomo kama DAAD wa Ujerumani, Commonwealth wa Jumuiya ya Madola na Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya wana masharti yao wazi, yasome mwenyewe, usimlipe wakala. Uholanzi nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama ajira, na unalipwa mshahara. Wala huna haja ya kukimbilia ndege. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, ina uzamili na uzamivu, na msingi mzuri unaweza kuujengea hapo.

Barua sasa. Niliandikia maprofesa wengi nikisifia vyuo vyao na alama zangu, kimya. Kisha nikaandika barua fupi juu ya soketi, kidole gumba na njia ya Kibosho. Jibu likaja baada ya siku mbili, sentensi moja: mteremko huo una nyuzi ngapi? Sikuwa najua. Nikaazima pimamaji ya fundi mwashi jirani yetu, nikachukua rula ya mita moja na futikamba, nikapanda daladala asubuhi. Mzee mwenyewe alinishikia rula. Kila mita moja ya usawa, njia ilipanda sentimita 18, karibu nyuzi 10. Jioni ileile nikamwandikia profesa.