Swali la lugha: Manii "mazito" au "yenye mnato"?

SWALI: Kwenye kijitabu cha afya ya uzazi niliandika: "Manii yakiwa mazito, mbegu hutumia nguvu nyingi kuogelea." Mhariri kafuta "mazito", kaweka "yenye mnato mkubwa", na "nguvu" kaigeuza "nishati". Je, ilikuwa lazima?

JIBU: "Mazito" si kosa, uji huwa mzito, mchuzi pia. Tabu ni kwamba neno hilo hubeba mambo mawili: uzani, na ugumu wa kutiririka. Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji kwa kuwa kwa ujazo uleule ni mepesi, ilhali hutiririka polepole zaidi. Kinachomkwamisha muogeleaji mdogo hivi ni ule ugumu wa kutiririka, na jina lake ni mnato.

Mbegu ya mwanamume ina urefu wa mikromita 50 hadi 60 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mkia ukiwemo. Kwa udogo huo haiserereki: mkia ukiacha kupiga, inasimama papo hapo. Mnato ukiongezeka maradufu na kasi na mapigo yakabaki yaleyale, ukinzani huwa maradufu, na nishati inayotumika kila sekunde vilevile. Kwa hiyo "nishati" ni sahihi. "Nguvu" ya mtaani huchanganya kani inayosukuma na nishati inayotumika.

Ila mapigo hayabaki yaleyale. Penye mnato mkubwa mawimbi ya mkia hupungua upana na kichwa huyumba kwa kiasi kidogo zaidi. Ningeandika hivi: "Mnato wa manii ukizidi, mbegu huogelea kwa shida, na kila hatua huigharimu nishati zaidi."

Maabara nazo hupima mnato, hazipimi uzani. Manii huganda yakishatoka, kisha huyeyuka, kwa kawaida ndani ya dakika 15 hadi 30. Hapo huvutwa kwa pipeti, mrija mwembamba wa maabara, na kuachwa yadondoke. Yakining'inia uzi unaozidi sentimita 2, mnato si wa kawaida. Kupima kabla hayajayeyuka huleta jibu la uongo.

Mhariri hakugusa hili, lakini angalia usije ukateleza kwingineko kijitabuni: manii ni majimaji, mbegu ni chembe zilizomo. "Mbegu nzito" na "mbegu nyepesi", zilizoenea mno mitandaoni, hutwika chembe sifa ya majimaji, na msomaji huondoka akidhani manii mazito yana mbegu nyingi. Idadi huhesabiwa kwa hadubini.