Wasomaji wanauliza: Ni «Lesen» ao «Lesung»? Vile verbe inageuka jina mu Kijerumani

Jambo mwalimu. Miye ni dada wa hapa Goma, kwartie Himbi, niko nasoma Kijerumani mwezi wa sita sasa juu nataka nifike nivo ya B1. Juzi walituomba tuandike mistari kumi juu ya maisha yetu, nikaandika «Meine Hobbys sind kochen und Lesung», yaani vitu napenda kufanya ni kupika na kusoma. Kaye ikarudi na biki nyekundu, k ya kochen imezungushiwa duara na Lesung imekatwa kabisa. Nikafungua diksionere, Lesung iko! Na mu Kifaransa wameandika lecture. Sasa kosa langu ni gani? Na tena nitajuaje kama jina lenye limetoka mu verbe linabeba der, die ao das, zile artikle tatu za Kijerumani, ya kiume, ya kike na ya katikati? Nisaidie, nimebakisha kidogo niachane nayo.
*Dada wa Himbi*

Dada yangu, usiachane nayo hata kidogo, hilo kosa ni la mtu mwenye anakaribia kuelewa. Ulipitia njia ya Kifaransa, na njo ilikupoteza. Sisi wa huku tuliosoma mu Kifaransa tangu utoto, tukipewa lugha ingine ya Ulaya tunakimbilia Kifaransa kwanza, tunatafuta neno pale, alafu tunatoka pale tunaenda Kijerumani. Lakini kwa hii mambo ya kugeuza kitenzi (verbe, vile tulizoea) kiwe jina, Kiswahili chetu kinakaa karibu na Kijerumani kuliko Kifaransa, na natamani kila mtu anayeanza aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Angalia. Kwa Kiswahili ukitaka kitendo chenyewe kiwe jina unafanya nini? Hufanyi kitu. «Kupika» ni kitenzi na papo hapo ni jina: kupika kwake kunanifurahisha, kusoma usiku kunachosha macho. Na ona vile inafuatwa na ku- na kw- kila mara, kupika kwake, kulala kwake, kuimba kwake, haibadilike. Kijerumani nacho ni hivyo hivyo. Unachukua infinitivu nzima vile iko, unaiwekea herufi kubwa mbele, unaipa das, imekwisha: kochen, das Kochen, lesen, das Lesen, schlafen, das Schlafen. Kila mara das, hakuna hata moja inakimbilia der ao die, na kawaida haina wingi, kama vile sisi hatuna wingi wa «kulala». Kifaransa hakiwezi hiyo, kiko na le rire, le dîner, le pouvoir na zingine za kuhesabu, lakini huwezi ukaokota verbe yoyote ukaiwekea le.

Tena inameza hata kile kinachofanyiwa kazi. Kuchota maji ni Wasser holen, maneno mawili, lakini ukigeuza jina yanashikana yanakuwa neno moja: das Wasserholen. Watoto wakiwa njiani na mabido kutoka ziwani unaweza kusema wako beim Wasserholen, na Mjerumani ataona picha ile ile unayoiona wewe.

Sasa ile k ndogo. Kijerumani kinaandika kila jina na herufi kubwa, si majina ya watu na miji peke yake, hata meza, hata maji, hata njaa. Kochen ikifanya kazi ya kitenzi, kama mu «ich will kochen», inabaki ndogo. Ikikaa mu kiti cha jina inapata herufi kubwa, hata kama das haionekane. Kwa hiyo sentensi yako iwe: Meine Hobbys sind Kochen und Lesen. Ni sawa na zile mbao za ukutani Ujerumani, «Rauchen verboten», kuvuta sigara marufuku, das haiko lakini R ni kubwa.

Alafu Lesung. Neno liko kweli, diksionere haikudanganya, ila ilikupa mlango mwingine. Ukienda misa siku ya Mungu, msomaji anapanda mbele anasema «somo la kwanza». Lile somo njo die erste Lesung. Ao mwandishi akikaa mu sale kubwa akasomea watu kitabu chake, ule mkutano nao ni Lesung. Mtu akisoma sentensi yako anafikiri unapenda kuenda kusikiliza watu wakisoma mbele ya wengine, kumbe wewe unamaanisha uko kitandani na kitabu chako. Na Kiswahili kinatenganisha pale pale: kusoma ni kitendo, somo ni kitu kilichozaliwa na kitendo, na huku kwetu tukasukuma mbele zaidi, tukisema mtoto ameenda ku masomo tunataka kusema shule. Shina ni lile lile, mkia njo unabadilisha maana.

Ukishika hiyo, -ung haitakusumbua tena. Wohnen ni kukaa mahali, das Wohnen ni kule kukaa, lakini die Wohnung ni nyumba yenyewe unayopanga. Rechnen ni kupiga hesabu, das Rechnen ni ile kazi ya kuhesabu, die Rechnung ni karatasi wanakuletea ku restora ulipe. Sisi tuko na kujenga, na tuko na Majengo, kwartie nzima ya hapa mjini yenye jina lililotoka mu kitenzi. Mara zingine -ung inabaki kitendo chenyewe, kama die Vorbereitung, matayarisho, kwa hiyo usiseme kila -ung ni kitu cha kushika mkononi. Chenye unaweza kuamini bila woga ni kwamba mkia -ung ni die kila siku na wingi wake ni -en: die Wohnung, die Wohnungen. Hapa njo Kifaransa kinaweza kukusaidia, juu -tion nayo ni ya kike: la traduction, die Übersetzung, l'invitation, die Einladung. Ila chunga vitu viwili. Si kila kitenzi kinakubali, hakuna Kochung, hakuna Schlafung. Na si kila neno linaloishia na ung liko na huo mkia: der Sprung, mruko, ni der, juu imetoka mu springen na i imegeuka u ndani ya shina.

Mtu anayefanya kazi anapata -er, na ni der: fahren, der Fahrer, lehren, der Lehrer, mwanamke unaongeza -in, die Lehrerin. Motari wetu ni der Motorradfahrer, na hata mwenye chukudu unaweza kumtengenezea jina, der Tshukudu-Fahrer, wataelewa ukishawaonyesha foto ya ile kinga ya mbao. Hii sehemu naipenda sana juu ya kitu kimoja. Mu Kiswahili kupika hakutoe mpiki, kunatoa mpishi (wengi wetu hapa tunasema mupishi), kulinda kunatoa mlinzi, kujenga mjenzi, kuiba mwizi: sauti ya mwisho ya shina inalainika mbele ya -i. Kijerumani kinalainisha vokali: backen, der Bäcker; kaufen, der Käufer. Na kama vile msomaji wetu haguswi, Fahrer nayo haiguswi. Hiyo -er inatengeneza hata vyombo, öffnen ni kufungua, der Öffner ni kizibuo cha chupa, wecken ni kuamsha, der Wecker ni saa ya kukuamsha. Lakini die Mutter na das Fenster hazijatoka mu kitenzi chochote, zinafanana tu mwishoni, usizitie mu kapu moja.

Zenye zinabakia ni zile za zamani, na hapa sitakudanganya kwamba kuko dawa. Gehen inatoa der Gang, ziehen, kuvuta, inatoa der Zug, na der Zug njo treni. Anrufen, kupiga simu, inatoa der Anruf. Nyingi zenye ni shina tupu ni der, lakini das Spiel na die Antwort zinakataa. Fahren inatoa die Fahrt, schreiben die Schrift, reisen die Reise, helfen die Hilfe. Hizo za -t na -e kwa wingi ni die. Za -nis zinagawanyika: das Ergebnis, das Zeugnis, lakini die Erlaubnis, ruhusa. Hizi unazishika moja moja, na usiandike hata siku moja jina peke yake mu kaye yako, andika na artikle yake, kwa wino mmoja, kama vile mtu hatajwi bila jina la baba.

Miye nilizishika mu jikoni. Nilikata karatasi ndogo ndogo, upande mmoja kitenzi, upande mwingine jina, nikazibandika ukutani juu ya babula, na wakati sombe inachemka, na si unajua vile sombe inachukua muda, nilikuwa nasoma kwa sauti: beim Kochen, wakati wa kupika. Hiyo beim ni bei dem, imekunjwa. Zum Kochen ni kwa ajili ya kupika, Wasser zum Trinken ni maji ya kunywa. Müde vom Lesen, nimechoka na kusoma. Moshi ulizifanya zile karatasi rangi ya chai, nyingine iliunguka pembe, lakini beim, zum na vom hazikutoka tena kichwani. Anza na hizo tatu wiki hii. Kumbuka pia das Essen, iko na maana mbili, kule kula na chakula chenyewe, na ukiangalia neno letu chakula utaona kula iko ndani yake.

Mwalimu, salamu kutoka Bukavu, Kadutu. Niko B2. Magazeti ya Kijerumani yananishinda, sentensi moja iko na majina matano na kitenzi kimoja. Na ku mtihani wanasema geuza sentensi ya verbe iwe ya majina. Naanzia wapi?
*Mdogo wako wa Kadutu*

Mdogo wangu, maandishi ya ofisi na magazeti ya Kijerumani yanapenda majina kweli. Tuchukue jambo lenye sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mangaribi, Nyiragongo ililipuka. Der Vulkan brach plötzlich aus. Kitenzi ni ausbrechen, jina lake der Ausbruch. Mwenye alikuwa anafanya, Vulkan, anaingia jenitivu nyuma ya jina, na plötzlich, ghafla, yenye ilikuwa inaeleza kitenzi, sasa inaeleza jina kwa hiyo inavaa mkia: der plötzliche Ausbruch des Vulkans. Kama Kiswahili, «mlima ulilipuka ghafla», «mlipuko wa ghafla wa mlima». Jenitivu ni ile wa yetu, basi.

Sasa kukiwa mwenye kufanya na mwenye kufanyiwa. Die Lava zerstörte viele Häuser, lava iliharibu nyumba nyingi. Mwenye kufanyiwa njo anapata jenitivu, mwenye kufanya anapelekwa mwishoni na durch, kama «na» yetu mu «iliharibiwa na lava»: die Zerstörung vieler Häuser durch die Lava. Wanafunzi wengi wanageuza hapo, wanaandika die Zerstörung der Lava, na msomaji anaelewa lava njo iliharibiwa. Soma mara mbili mbele ya kurudisha karatasi.

Watu walikimbia wakaenda Sake: die Leute flohen nach Sake, die Flucht der Leute nach Sake. Fliehen, die Flucht, na mtu mwenyewe der Flüchtling. Kimbia, ukimbizi, mkimbizi. Niliyapanga haya mu mistari miwili ku kaye yangu, yakatazamana kabisa, na sikuandika kitu kingine siku ile.

Za wakati nazo ni nyepesi ukizijua: nachdem na kitenzi inakuwa nach na jina, bevor inakuwa vor. Nachdem er angekommen ist, alipokwisha kufika, nach seiner Ankunft. Bevor wir essen, vor dem Essen. Na ukiwa unasoma gazeti, fanya kinyume, kila jina lirudishie kitenzi chake na uulize nani alifanya. Mimi napendelea uandike barua zako na vitenzi, zinapumua, lakini ku mtihani wape majina wanayoomba.

Habari mwalimu, niko Lubumbashi, komini Kenya. Yaya wangu anaishi Köln na ku simu anasema kila mara «Ich bin am Arbeiten». Mu kitabu changu sijaiona. Anakosea?
*Wa Lubumbashi*

Hakosei, anasema kama watu wa kule. Ni das Arbeiten yetu ile ile, am ni an dem, na maana ni «niko nafanya kazi sasa hivi». Wajerumani wenyewe wanaiita ya Rhein, juu inasikika sana upande ule, na Köln iko ku kingo za ule mto, ingawa leo inasikika na mbali. Ni ya kuongea. Ku mtihani wa kuandika weka «Ich arbeite gerade».