Kabla ya kuandika itifaki ya jaribio la dawa, mtazame mzee akiinuka kitini

Mzee wa miaka 74 aliingia kwenye jaribio letu la dawa ya saratani, na fomu ilionyesha anajimudu vizuri. Mimi nilikuwa mratibu, nikamwona akiinuka: alishika kiti kwa mikono miwili, akajaribu mara tatu ndipo akasimama. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hilo. Mzunguko wa pili wa dawa alianguka bafuni, hakurudi tena. Wiki tuliyomwandikisha, tulimkataa bibi wa miaka 81 aliyepanda ngazi mwenyewe hadi ofisini, eti umri umepita kikomo. Linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana nikikaa na waandaaji wa utafiti, huanza kwa kuwasihi wafute kikomo cha umri. Badala yake wapime kasi ya kutembea, waulize kama ameanguka miezi ya karibuni, anameza dawa ngapi, kumbukumbu ikoje, anakula vipi, nani anaishi naye. Sehemu kubwa mgonjwa hujaza mwenyewe. Na majibu yasiishie kabatini, yamfikie daktari. Katika jaribio la GAP70+ la Marekani, lililochapishwa 2021, madaktari walipopewa majibu hayo pamoja na mapendekezo, madhara makali yaliwapata asilimia 51 ya wagonjwa; wasipopewa, asilimia 71. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

Dozi nayo iangaliwe upya. Jaribio la GO2 la Uingereza liliwachukua wazee na wagonjwa dhaifu wenye saratani ya umio na tumbo, likalinganisha viwango vitatu. Cha chini kabisa, asilimia 60 ya cha juu, hakikuzidiwa katika kuuzuia ugonjwa, na madhara yalipungua.

Ninalolipigania zaidi ni kile kinachopimwa mwishoni. Miezi ya kuishi ina uzito wake, lakini wazee huniuliza kama wataendelea kuoga wenyewe na kuwatambua wajukuu. Hayo yawe kwenye matokeo makuu, yasiwe kiambatisho.

Safari za kliniki zipunguzwe. Mengine yaulizwe kwa simu. Fomu ya ridhaa iwe na herufi kubwa. Watoto wakaribishwe kusikiliza, ila aulizwe mzee. Nimeona mara nyingi binti akijibu "ndiyo" huku mama yake akitazama dirishani. Siku hizi huvuta kiti upande wa mama, nikamsubiri aseme mwenyewe.