Ni Ndege Gani Huyu Anayetundika Panzi Mwibani?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika shamba letu nje kidogo ya Malindi nimekuta panzi wakubwa wamechomekwa kwenye miiba ya mgunga, na safari moja mjusi, naye alikuwa amekwama kwa shingo. Wazee wanamtaja ndege mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu, anayependa kukaa kwenye nyaya za simu. Je, ni kweli? Na wale wenye mgongo wa kahawia wanaoonekana mwezi wa Aprili, ndio majike wake?
Msomaji, Malindi

JIBU: Wazee hawajamsingizia. Huyo ni mbwigu, na anayeonekana kwenu mwaka mzima ni mbwigu mkia-mrefu, ambaye urefu wake hufikia sentimita 30 hivi, sehemu kubwa ikiwa ni mkia. Mbwigu hula nyama, lakini miguu yake haina nguvu ya kukamata na kubana kama ya mwewe. Silaha yake ni mdomo, uliopinda nchani kama ndoana na wenye kijino pembeni. Kwa kuwa hawezi kulishika windo na kulirarua kwa wakati mmoja, hulichomeka mwibani au hulibana kwenye panda ya tawi, kisha hulinyofoa kidogo kidogo, na kinachobaki huwa akiba.

Majike wake si hao wa Aprili. Jike hufanana sana na dume, ila ubavuni ana baka dogo la rangi ya kahawia iliyoiva, ambalo mara nyingi hufunikwa na bawa. Hao wa Aprili ni mbwigu mgongo-mwekundu, wadogo zaidi, wa sentimita 17 hivi, wanaopita wakitoka kusini mwa Afrika kurudi Ulaya na Asia ya Magharibi kutaga. Dume ana kichwa cha kijivu na utepe mweusi machoni. Jike ni wa kahawia, na kifua chake kina mistari myembamba iliyopinda.

Usimchanganye na tiva, ambaye pia ni mweusi na mweupe, lakini hujificha kichakani na husikika kuliko anavyoonekana. Mbwigu hukaa wazi. Ukimwona ameshuka chini kukamata mdudu, usimfuate: kaa kivulini, elekeza darubini pale alipokuwa ametua, kwani mara nyingi hurudi papo hapo. Na akiba yake iache mwibani, kwa maana huenda akairudia.