Vijiko, miko na visu katika jiko lisilo na kabati: niliyoyatumia mwenyewe hapa Tanga

Dada uliyeuliza namna ya kupanga vijiko, uma, visu na miko katika jiko la chumba kimoja lisilo na kabati wala droo, na papo hapo unauza chakula cha mchana barazani, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya waliotangulia. Wengi wamekushauri ununue kile kikapu cha plastiki chenye vyumba vinne. Mimi ninaendesha mgahawa mdogo hapa Tanga, na jiko la nyumbani kwangu halizidi lako kwa ukubwa, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyatumia. Nianze na jambo ambalo naona limerukwa: chombo cha kuwekea vijiko sharti kwanza kimwage maji na kupitisha hewa, na pili kimpe anayechukua mpini kabla ya sehemu inayoingia mdomoni. Uzuri na ubunifu vifuate baada ya hayo mawili.

Sisi tunaoishi Pwani tuna sababu ya ziada ya kusisitiza suala la maji. Kijiko cha stenlesi hakishiki kutu kwa urahisi kwa sababu kromiamu iliyomo hujenga utando mwembamba sana juu ya chuma, lakini chumvi huutoboa utando huo, na klorini ya dawa ya kutakatishia nguo hufanya vivyo hivyo. Ukiosha vyombo kwa maji ya kisima yenye chumvi, kisha ukavirundika vikiwa vimelowa ndani ya kopo lisilo na tundu, yale maji yanayobaki chini hukauka polepole na kuacha chumvi palepale. Baada ya muda utaona vidoa vya kahawia kwenye vikombe vya vijiko, yaani ile sehemu ya kuchotea, na kudhani umeuziwa vijiko vibovu. Ni kweli kwamba ubora hutofautiana: vilivyoandikwa 18/10 vina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, ilhali vya 18/0 havina nikeli na hushambuliwa upesi zaidi. Hata hivyo, hata kilicho bora hakivumilii kukaa ndani ya maji ya chumvi. Makopo ya maziwa ya unga, ambayo wachangiaji kadhaa wameyasifu, yana tatizo hilo hilo mara mbili, kwa kuwa kopo lenyewe huanza kutoka kutu kwenye mshono wa chini na kuvipaka vijiko. Litumie kwa vitu vikavu tu, kama vijiti vya mishikaki na msukumio wa chapati.

Badala ya kopo, mimi hutumia mwanzi, na hapa nitaeleza kwa kirefu kwa sababu ni kazi ya nusu siku na haikugharimu kitu kikubwa. Chagua mwanzi mnene uliokomaa, ule ambao kikombe cha chai kinakaribia kuingia ndani yake. Ukate chini kidogo ya fundo, ili fundo lenyewe liwe sakafu, na juu uukate mahali ambapo theluthi mbili za urefu wa kijiko zitazama na theluthi moja itabaki nje. Ukiwa mfupi kuliko hapo vijiko huupindua, na ukiwa mrefu zaidi watu huingiza vidole ndani kutafuta. Toboa sakafu kwa keekee matundu manne au matano yenye upana wa penseli. Kisha, na hili ndilo watu husahau, chonga ukingo wa chini kwa msumeno uwe na mapengo mawili matatu, kwa sababu ukingo ulionyooka hukaa juu ya meza na kuziba njia ya maji, hata matundu yakiwa mengi kiasi gani. Piga msasa ndani na nje. Kabla ya yote hayo, ulaze mwanzi ndani ya maji kwa wiki kadhaa, ukiyabadilisha yanapoanza kunuka, kisha uuanike kivulini. Wanga uliomo ndio chakula cha wale wadudu wanaotoboa mianzi na kumwaga unga, na maji huutoa kwa sehemu kubwa. Funga mianzi mitatu au minne pamoja kwa kamba ya usumba, itasimama imara, na kila mmoja utakuwa na aina yake ya chombo. Vijiko na uma visimame mipini ikiwa juu ikiwa ni vya watu kuchukua wenyewe.

Kabla havijaingia kwenye mwanzi, vyombo vyote vipite kwenye kichanja. Nashangaa kwamba katika majibu yote hakuna aliyekitaja, ilhali wazee wetu vijijini walikijenga uani kwa miti minne na fito, na maofisa wa afya bado wanakihimiza. Jua na upepo hukausha vizuri kuliko kitambaa cha jikoni, ambacho mara nyingi ndicho kichafu kuliko vyote. Ukipanga nyumba na huna ua, fundi wa kuchomelea atakutengenezea kichanja kidogo cha nondo nyembamba cha kuning'iniza nje ya dirisha. Kifunike kwa wavu kuzuia nzi na vumbi, lakini usitumie chandarua cha mbu kilichowekwa dawa, hata kikiwa kikuukuu, kwa maana dawa ile haikukusudiwa kugusana na kijiko cha kulia.

Miko, pawa na vijiko vya kupakulia havifai kusimama ndani ya chochote. Upawa wa kifuu hushika maji pale kijiti kinapopenya kifuu, na mwiko huoza kuanzia ncha ukisimamishwa juu ya ncha hiyo. Vitundike. Mimi nimefufua susu, ile ya kamba ambayo zamani ilining'inizwa darini ili chakula kisifikiwe na paka, panya na sisimizi. Yangu ni pete ya fito iliyobebwa na kamba tatu, nami nimeizungushia kulabu za waya zenye umbo la S. Kila mwiko una tundu mwishoni mwa mpini na kitanzi cha uzi. Faida yake ni kwamba haihitaji ukuta, hivyo mwenye nyumba halalamiki kwamba umempigia misumari, na inapozungushwa kidogo kila chombo kinakuja mkononi. Iwe mbali na moto, kwa maana moshi na mvuke wa mafuta huifanya inate, nawe utalazimika kuiosha mara kwa mara.

Kuhusu visu, kuna mchangiaji aliyeonyesha boksi la mbao lililojazwa vijiti vya mishikaki vilivyobanana, kisu kikichomekwa popote. Linapendeza na linaokoa makali, nakubali. Ila kwa hewa yetu yenye unyevu silipendekezi, maana huwezi kulisafisha ndani isipokuwa kwa kutupa vijiti vyote na kuweka vipya. Ninachotumia ni ubao wa sumaku, na sumaku nilizipata kwa fundi redio kutoka kwenye spika mbovu. Zile duara nyeusi zina nguvu ya kutosha, lakini humeguka kama kigae zikigongwa na kisu, kwa hiyo zichimbie nyuma ya ubao, ukibakisha mbele mbao nyembamba ya milimita mbili hivi, kisha uzigandishe kwa gundi. Jaribu kwa kisu chako kizito kabla gundi haijakauka. Kikiteleza, punguza mbao zaidi. Unapobandika, tanguliza mgongo wa kisu, kisha laza ubapa. Unapobandua, fanya kinyume chake, makali yaachane na ubao kwanza. Makali yatadumu, na ubao hautakatwakatwa. Usitarajie vijiko vya 18/10 vishike hapo, kwa sababu nikeli huifanya stenlesi isivutwe na sumaku. Ubao uwe juu ya kimo cha watoto wako, na usiwe juu ya mahali unapoinama kuosha sufuria.

Sasa nije kwenye mgahawa, ambako naamini ndiko shida yako kubwa iliko. Wateja wanachovya mikono kwenye chombo cha vijiko na kugusa kumi ili wachukue kimoja. Wengi wetu tunalifunika tatizo hilo kwa kuweka vijiko kwenye jagi la maji ya moto, lakini maji hayo ni ya moto saa tano tu. Ifikapo saa saba ni ya uvuguvugu, yana mabaki ya wali, na yanafuga vijidudu badala ya kuviua. Kanuni za chakula za Marekani zinazotolewa na FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa ya huko, zinaruhusu kijiko cha kupakulia kikae ndani ya maji moto kikisubiri kutumika tena, endapo maji hayo hayashuki chini ya nyuzi 57 za Selsiasi, na kwa vijiko vya kulia zinataka mteja aguse mpini pekee. Barazani huwezi kushikilia nyuzi 57 mchana kutwa, kwa hiyo shika hilo la mpini.

Kifaa nilichotengenezewa ni mnara wa bati la alumini, umefungwa pande tatu, na upande wa mbele una ufa uliosimama wima kutoka juu hadi karibu na chini. Vijiko vinaingizwa kwa juu, vikilala kifudifudi kimoja juu ya kingine. Vikombe vinakaa ndani na mipini inatokeza nje kupitia ufa. Upana wa ufa ni sentimita moja na kitu, shingo ya kijiko inapita lakini kikombe hakipiti. Chini kabisa ufa unapanuka na kuwa dirisha lenye upana wa sentimita tano, na hapo ndipo kikombe kinapoweza kutoka. Mteja anavuta mpini wa chini, kijiko kinatoka, vilivyobaki vinashuka vyenyewe. Hakuna kinachoguswa zaidi ya kile atakacholia. Sakafu yake ni ya kuchomoa, ina matundu, na mnara wote unaoshwa kila jioni. Vijiko sharti viwe vya aina moja, kwani vya maumbo tofauti hukwama. Uma usiziweke humo kabisa, meno yake hushikana, ziache kwenye mwanzi.

Fundi bati yeyote ataweza kazi hii, awe wa Gerezani Dar es Salaam, wa jua kali Kamukunji Nairobi au wa mtaani kwako. Mpelekee vijiko vyenyewe, vitano au sita, badala ya mchoro, na usilipe salio mpaka umeviingiza vyote na kuvivuta kimoja kimoja mbele yake. Mwambie pia akunje kingo zote za ufa kwa ndani, maana bati lililokatwa tu litawakata vidole wateja wako.